Penzi Halionekani, Suruali Ndiyo Inayoonekana

Hadithi za wanawake wapendao wanawake huanzia chumbani. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, na nje kuna mtu anayekaribia kugundua. Mara chache sana msomaji huambiwa chumba chenyewe ni cha nani, kodi yake ni kiasi gani na nani aliilipa mwezi uliopita. Mwandishi anayesimulia Nairobi hana ruhusa ya kuliruka jambo hilo. Toka Kayole hadi Kariobangi, zunguka Mukuru kwa Njenga na Kawangware, utakuta maisha ya watu wazima yamepangwa kuizunguka tarehe ya kodi, na mengine yote, mapenzi yakiwemo, yanajibanza katika nafasi inayobaki.

Fasihi inayowahusu wanawake hawa imeshughulika mno na siri ya kitandani ikasahau kazi. Na kwa kuisahau kazi imeshindwa kueleza hata lile suala la jinsia linalozua ubishi mwingi siku hizi: nani ni mwanamke, nani anahesabiwa mwanamke, na nani hataki kuhesabiwa hivyo. Suala hilo huandikwa kana kwamba ni la nafsi tupu, mtu amesimama mbele ya kioo akijiuliza yeye ni nani. Kwa mfanyakazi wa kibarua linaanzia kwenye geti la kiwanda kabla jua halijapanda, msimamizi anapopitisha macho kwenye foleni na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe.

Tuanze na chumba. Wanawake wawili wakipanga chumba kimoja cha mabati Mukuru, hakuna atakayeshtuka. Kodi inagawanywa, jiko ni moja, godoro ni moja kwa sababu mawili hayaenei. Majirani watasema ni mtu na binamu yake, au wametoka kijiji kimoja, au wanafanya kazi kampuni moja. Umaskini unawapa kifuniko ambacho msichana wa Lavington hana, yeye mwenye kitanda chake na mama anayeuliza huyu mgeni ataondoka saa ngapi. Hiki ni mojawapo ya vitu vichache sana ambavyo umaskini wa mjini hukupa bure, na nashangaa waandishi hawajakitumia zaidi.

Kifuniko kinatoboka mmoja wao anapoanza kuonekana. Huyu ni yule anayenyolewa kwa kinyozi badala ya kusukwa saluni, mwenye suruali ya kadeti na shati la kiume la mtumba kutoka soko la Gikomba, anayeitwa kaka na makanga kabla hajafungua kinywa. Mama mboga anamwita jikedume akishapita. Watoto wa ploti, ambao hawana adabu ya kunong'ona, wanamuuliza mbele ya watu kama yeye ni mama au ni baba. Na msimamizi wa ploti, ambaye kwa miaka miwili alikuwa anachukua kodi bila kuona kitu, ghafla anakumbuka kwamba ndani ya kile chumba kuna godoro moja. Penzi la wawili hawa halikuwahi kuonekana. Kilichoonekana ni suruali, na suruali ndiyo iliyoleta maswali kuhusu penzi.

Kwa hiyo hawa wawili hawaishi maisha sawa, hata kama wanalala pamoja na kula sufuria moja. Mwenye rinda anapita sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji bila kugusiwa. Kinachomtisha ni kugunduliwa. Mwenye suruali alishagunduliwa tangu yuko shule ya msingi, kabla hata hajajua kulikuwa na cha kugundua. Yeye hafichi chochote maana hana pa kukificha. Anachotafuta ni kazi. Mwandishi anayewapa wote wawili hofu ileile amekosa nusu ya hadithi, na kwa maoni yangu amekosa nusu iliyo nzito zaidi.

Riwaya iliyolishika jambo hili kwa mikono miwili ilitoka Marekani mwaka 1993. Ni Stone Butch Blues ya Leslie Feinberg, aliyekulia Buffalo, mji wa viwanda katika jimbo la New York, akafanya kazi viwandani na kubaki mkomunisti wa chama cha Workers World hadi alipofariki Novemba 2014. Mhusika wake mkuu, Jess Goldberg, anatoka katika familia ya wafanyakazi, na tangu utotoni watu wanamkodolea macho wakiuliza kama ni mvulana au msichana. Anapata watu wake katika baa za mji huo, kati ya wanawake wa viwandani wanaovaa suti za kiume mwisho wa wiki. Polisi wanavamia baa hizo, wanawapiga na kuwanajisi. Sehemu hiyo ndiyo inayotajwa na kila anayeizungumzia riwaya hii, na kwa haki, kwa sababu haisomeki kwa utulivu.

Lakini kurasa zinazonirudisha kwenye kitabu hicho ni za kiwandani. Nani anapewa mashine ipi. Nani analindwa na chama cha wafanyakazi na nani anaachwa ajitetee. Wanaume wanaokula chakula cha mchana meza moja na Jess leo na kesho wanamgeuka. Mgomo. Kuna kiongozi wa chama, Duffy, mtu mwema, anayempigania Jess kama mfanyakazi mwenzake bila hotuba za kuhurumia. Feinberg aliijua sakafu ya kiwanda kwa miguu yake, na ndiyo maana heshima na dharau katika riwaya hii zina sauti ya mashine nyuma yake.

Kisha kazi zinaanza kukauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vinapunguza watu, na wanawake wanaoonekana kama wanaume ndio wasiochaguliwa. Ni katika hali hiyo Jess anaamua kutumia homoni za kiume, na baadaye anafanyiwa upasuaji wa kifua. Anaota ndevu. Anakaa kwenye kiti cha kinyozi kama mwanamume yeyote. Anapata kazi na anatembea usiku bila kupigwa. Anampoteza Theresa, mpenzi wake, ambaye hawezi kuishi na mtu ambaye dunia nzima inamwona mwanamume. Miaka inapita, na Jess anaacha homoni, kwa sababu ule usalama umemfanya awe mtu asiyejulikana na yeyote.

Sisemi kwamba Jess alibadili mwili kwa ajili ya mshahara. Riwaya ingekuwa ya kijinga kama ingesema hivyo. Nasema kwamba Feinberg alikataa kututenganishia mambo hayo mawili. Hakuna ukurasa ambapo Jess anakaa peke yake, ameshiba, hana deni, anaamua jinsia yake kwa utulivu wa moyo. Kila uamuzi kuhusu mwili unafika ukiwa umeshikana mkono na ule wa tumbo, na msomaji anayetaka kujua lipi lilitangulia hajibiwi. Wasomaji wengi wa leo hufika katika kitabu hiki wakitaka kumwekea Jess jina moja: ni mwanamke apendaye wanawake, au ni mwanamume aliyezaliwa katika mwili wa kike, au si hivi wala vile? Kitabu kinawaacha hapo. Jess anafanya kazi, anapenda, anazeeka kidogo, anahamia jiji la New York, anapata jirani anayeitwa Ruth ambaye naye amevuka mpaka wa jinsia kutoka upande wa pili, na maisha yanaendelea bila cheti.

Linganisha na riwaya maarufu iliyotangulia, The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall, iliyotoka Uingereza mwaka 1928 na kuamriwa na mahakama ya London iharibiwe mwaka huohuo. Mhusika wake naye ni mwanamke wa sura na tabia za kiume. Ila ana shamba la urithi, farasi, na pesa za kuhamia Paris mambo yakiharibika. Uchungu wake ni wa kweli. Hata hivyo hakuna siku anayojiuliza kesho atakula nini, na kwa hiyo jinsia yake inabaki kuwa fumbo la roho kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Stone Butch Blues ina kasoro zake. Mateso yamerundikwa mpaka kuna mahali msomaji anachoka kuumia. Na wanawake wa upande wa rinda wamebanwa pembeni, jambo linaloudhi zaidi ukizingatia kwamba Theresa naye ni mfanyakazi: Jess anakutana naye katika kiwanda cha kusindika vyakula. Baadaye Theresa anapata kazi chuo kikuu na kukutana na vuguvugu la wanawake, na huko wasomi wanamwambia kwamba tomboi, mwanamke wa sura na mavazi ya kiume kama Jess, anawaiga wanaume, kwamba ni aibu. Natamani Feinberg angekaa hapo kwa kurasa hamsini zaidi. Tabaka linaingia katikati ya wapenzi wawili kupitia kazi ya ofisini, na mmoja anajifunza msamiati ambao mwingine hana. Nairobi ugomvi huo upo. Mazungumzo kuhusu utambulisho wa kijinsia hapa hufanyika zaidi kwa Kiingereza, katika kumbi za hoteli zenye chai ya saa nne, na tomboi wa Dandora akialikwa anaulizwa anajitambulisha vipi kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani.

Basi na tumuulize anafanya kazi gani.

Chukua viwanda vya nguo vya EPZ, yaani maeneo maalum ya viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, Athi River, kusini kidogo ya jiji. Sheria ya maeneo hayo ilipitishwa mwaka 1990, na mpango wa Marekani wa AGOA wa mwaka 2000, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, ukaleta oda nyingi za suruali na shati za kuuzwa huko. Sakafu za kushonea zilijaa wanawake vijana. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia madarakani, wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa wingi, na picha zilizojaa magazetini zilikuwa za wanawake. Katika kiwanda cha aina hiyo jinsia ni mpangilio wa sakafu. Cherehani mara nyingi ni ya mwanamke. Kukata marobota ya kitambaa, kupakia, kuendesha mashine nzito, huko hupelekwa wanaume. Tomboi mwenye mabega anaangaliwa na msimamizi anayetafuta mtu wa kupakia, na hapo hapo, kwa sekunde chache, anaamuliwa kuwa mwanamume au mwanamke na mtu ambaye hajali kabisa masuala ya utambulisho. Anataka maboksi yapande lori.

Kwenye mjengo ni hivyo hivyo na zaidi. Mwanamke akienda kuomba kazi kwa nyapara hupewa kuchota maji, kusogeza mawe, au huambiwa mwanamke mwenzake tayari anapika githeri pale nyuma. Tomboi anayepita kama mwanamume anapewa toroli na sepetu, na huenda akapewa nafasi ya kujifunza ufundi. Anajipa jina fupi lisilo na jinsia. Anakaa kimya wengine wanapokojoa ukutani. Siku za hedhi anajifanya anaumwa tumbo, na fundi mkuu anamcheka kwamba ni chakula cha kibandani.

Halafu inafika Jumamosi, siku ya malipo, na pesa zinatumwa kwa M-Pesa. Nyapara anabonyeza namba, na kabla ya kuthibitisha simu inamwonyesha jina lililosajiliwa. Ni majina ya kike, yote mawili, lile la ubatizo na lile la bibi yake. Katika riwaya ya Feinberg ni Duffy, yule kiongozi mwema, anayeteleza ulimi na kumtaja Jess kama mwanamke mbele ya wenzake wapya, na Jess anaiacha kazi. Hapa kwetu hakuhitajiki ulimi wa mtu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 simu imekuwa ikisema jina lako kwa kila anayekulipa. Nikiwa mwandishi wa riwaya ningempa tukio hilo sura nzima: jinsi nyapara anavyoinua uso, jinsi anavyochelewa kusema lolote, kwa sababu yeye pia anahesabu. Huyu kijana ndiye anayefika mapema kuliko wote. Akimfukuza, nani atasukuma toroli Jumatatu? Namwona nyapara akirudisha simu mfukoni bila kusema neno, na kuanzia wiki inayofuata akimlipa kama anavyowalipa wanawake.

Fasihi yetu ya kazi ipo, tena ni nzuri. Shafi Adam Shafi alituandikia makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948 katika Kuli, riwaya iliyotoka 1979. Meja Mwangi alituandikia vibarua wa mjengo wa Nairobi katika Going Down River Road, 1976, na Ben na Ocholla wake wanaishi kibandani pamoja, wanakunywa pamoja, wanagombana kama wanandoa, na sijamwona mhakiki aliyeuliza godoro ni ngapi. Katika riwaya hizo mwili wa mfanyakazi ni wa kiume. Wanawake wanapika, wanauza, wanaondoka na mabosi. Kwa hiyo tuna hadithi za kazi zisizo na wanawake hawa, na tuna hadithi za wanawake hawa zisizo na kazi, na vitabu vya aina hizo mbili havijawahi kusalimiana.

Hizo za pili zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, ilishinda Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Inatokea katika nyumba za Nakawa, Kampala, na imeandikwa kama barua ya Anyango kwa Sanyu aliyepelekwa London baada ya wawili hao kukutwa pamoja. Wanuri Kahiu aliichukua akatengeneza filamu ya Rafiki, iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akaisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakapanga foleni kwenye sinema.

Ubishi wote wa wakati ule ulihusu busu. Mimi nilibaki na swali la tiketi ya ndege. Katika hadithi na katika filamu, wawili wakigunduliwa, yule wa familia yenye uwezo zaidi anapelekwa London na mwenzake anabaki mtaani na wambea. Tabaka liko pale wazi, ndilo linaloamua nani anaadhibiwa kwa kusafirishwa na nani anaadhibiwa kwa kubakishwa, na bado kazi hizi mbili zinalipita haraka. Katika Rafiki, Kena ndiye wa suruali, mcheza mpira, mwenye baba mwenye duka. Njia yake ya kutokea ni alama nzuri za mtihani zinazomwezesha kusomea udaktari. Sina kinyongo na madaktari. Ila wasichana wengi wa mtaa wanaovaa kama Kena hawapati alama hizo, na wengine walishaacha shule kwa sababu ya sketi ya sare, kwa hiyo filamu inamtoa Kena mtaani pale ambapo maswali magumu yalikuwa yanaanza.

Nimeona jambo jingine nikizisoma kwa pamoja. Stone Butch Blues nayo inafunguka kwa barua, Jess akimwandikia Theresa ambaye hajui aliko. Wanawake wawili, mmoja wa Kampala na mwingine wa Buffalo, wanamwandikia mpenzi waliyempoteza, na wote wawili waandikaji ndio walioachwa. Barua ni umbo la asiye na nauli.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatishia miaka 14 jela kwa kinachoitwa tendo kinyume na maumbile, na kifungu cha 165 kinataja wanaume peke yao. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema kwamba wapenzi wa jinsia moja hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao. Ni mambo makubwa na yanafaa kujulikana, ila kwa mwanamke wa Mukuru hakimu wa kila siku ni msimamizi wa ploti, na hukumu yake hutekelezwa kwa kufuli jipya mlangoni. Riwaya inayomtegemea polisi kuleta mgogoro itakuwa inaazima Buffalo ya mwaka 1963.

Mahali ambapo sheria inagusa kweli ni kwenye karatasi. Kitambulisho kina sehemu ya jinsia, na kinaombwa kila mahali: kufungua laini, kuingia jengo la ofisi, kuandikishwa kazi. Mwaka 2014 Audrey Mbugua, aliyezaliwa akisajiliwa mvulana na anayeishi kama mwanamke, alishinda kesi Mahakama Kuu iliyoamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Msomaji anayedhani hayo ni madaha ajaribu kutafuta kazi akiwa na cheti chenye jina ambalo uso wake unalikana. Na sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu watu wa jinsia tata (intersex), waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, ikawapata 1,524. Serikali yenyewe, kwa hiyo, imekwisha kukiri kwamba masanduku mawili hayatoshi, ingawa fomu nyingi za ajira bado zina mawili.

Nimefika kwenye jambo ninalolifikiria kuliko yote, nalo ni kifo.

Mwanamke amefariki, tuseme kwa ajali ya matatu barabara ya Jogoo. Mwenzake ndiye anayekwenda kuutambua mwili. Ndiye anayejua deni la duka, namba ya siri ya simu, rangi ya rinda alilolipenda. Jioni watu wanakusanyika plotini kwa mchango wa mazishi, na yeye anahudumia chai. Siku ya pili ndugu wanafika kutoka ushago. Wanamshukuru kwa kuwa rafiki mwema wa marehemu. Kisha wanaanza kuuliza televisheni ni ya nani, mtungi wa gesi ni wa nani, cherehani ni ya nani. Atajibuje? Cherehani waliinunua pamoja kwa pesa za chama cha kuchangiana, zamu ya marehemu ilipofika, ili waache kibarua. Akisema ni yetu, itabidi aeleze sisi ni akina nani. Akinyamaza, inapanda juu ya basi kesho yake asubuhi.

Wakenya wa umri fulani hawajasahau kesi ya S.M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986 hapa Nairobi, na mjane wake Wambui, mke wa ndoa halali, mwanamke mwenye jina na mali, alipigania mahakamani haki ya kumzika hadi Mei 1987 na kushindwa. Ukoo wa Umira Kager ukamzika marehemu Nyalgunga, Siaya. Kama Wambui Otieno alishindwa, yule mwanamke wa ploti hata mlango wa mahakama hautafuti.

Hata hivyo sheria yetu imewahi kumtambua mke wa mwanamke. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Wanandi alikuwa na haki katika mirathi ya huyo aliyemwoa. Ndoa za namna hiyo zilijulikana pia kwa Wakikuyu, Wakamba, Wakuria na Wakisii. Wanaotetea mapenzi ya jinsia moja huzitaja kama ushahidi kwamba Afrika ilikuwa nayo tangu zamani, na wanaoyapinga hujibu kwamba hapo hapakuwa na mapenzi, palikuwa na ng'ombe na mrithi. Nadhani wanaopinga wana hoja yenye nguvu zaidi kuhusu historia, na kwamba hawajaona inakowapeleka. Kwa Wanandi mwanamke aliyeoa alihesabiwa mwanamume katika mambo ya mali, akaketi na kusema kama mwanamume, kwa sababu mali ilihitaji mwanamume wa kuipitisha kwa mrithi. Mila ilikuwa tayari kabisa kubadili jinsia ya mtu pale ng'ombe walipohitaji hivyo. Jess Goldberg angeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Mwandishi wa Nairobi ana yote haya mkononi: geti, toroli, simu inayotaja jina, cherehani iliyofungwa juu ya basi. Ana pia wepesi ambao Feinberg hakuwa nao sana: timu za mpira za wasichana Jumapili viwanjani Eastlands, vicheko vya wanawake wa mama fua wanaojua kila kitu kuhusu kila shuka na hawasemi, kinyozi anayemnyoa tomboi bei ya kawaida na kumwachia kiti chake cha kona. Maisha haya yana raha, na raha yenyewe ina bei inayojulikana.

Tena kitabu hakihitaji leseni. Bodi ya filamu ina mamlaka juu ya filamu, ndiyo maana Rafiki ilikamatika. Riwaya haipiti mezani kwake. Kikwazo cha riwaya ni soko. Mchapishaji wa Kiswahili Kenya anaishi kwa vitabu vya shule, na hakuna mhariri atakayepeleka tomboi wa EPZ kwenye taasisi ya mitaala akitumaini kuidhinishwa. Feinberg aliporudishiwa haki za riwaya yake aliamua itolewe bure mtandaoni, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Hadithi ya kwetu ingepita njia hiyohiyo, faili kwenye WhatsApp, ikasomwa kwenye matatu ya kutoka Athi River saa moja jioni na mtu ambaye bei ya kitabu dukani ingemla zaidi ya siku nzima ya kibarua.